Duka Lisilo na Mlango: Raha na Karaha za Wanaolitumikia

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, utakapopita katika stendi ya Biharamulo, au pale Benaco wilayani Ngara, wakati basi la safari ndefu linaposimama, usitazame abiria peke yao. Tazama na buti la basi. Humo utaona magunia ya sandarusi, maboksi yaliyozungushiwa gundi ya karatasi, na mifuko iliyoandikwa kwa kalamu nene jina la mtu na namba ya simu. Ndani yake mna viatu, vitenge, simu, sufuria, sare za shule na vipuri vya pikipiki. Wenyewe hawakwenda kuvinunua. Waliviona picha katika simu zao, wakatuma fedha kwa simu hiyo hiyo, wakaambiwa wasubiri basi.

Hilo ndilo duka la mtandaoni, duka lisilo na mlango wala kaunta. Mnunuzi halioni, na kwa kuwa halioni, aghalabu husahau kwamba lina watumishi. Yupo anayepiga picha za bidhaa na kuzipamba. Yupo anayejibu maswali ya wateja tangu alfajiri mpaka usiku wa manane. Yupo anayefunga mizigo na kuipeleka stendi, na huku kwetu yupo kijana wa bodaboda anayeipokea na kuifikisha Rulenge, Kabanga, Nyakahura au Lusahunga. Wengi wao ni vijana, na kila mmoja ni mtoto au mzazi katika nyumba fulani. Kwa sababu hiyo ukurasa huu wa familia umeona vyema kuuliza: je, kazi hii wanaipenda au wanaichukia? Na mzazi ambaye mwanawe ameitiwa kazi ya namna hii, amwambie nini?

KUTOKA KAUNTA HADI SIMU

Kazi ya kuuza bidhaa si ngeni katika mkoa huu, ambao kabla ya mwaka 1979 uliitwa Ziwa Magharibi. Wazee wanaikumbuka vizuri miaka ya Kampuni za Biashara za Mikoa, yaani RTC, na Operesheni Maduka ya mwaka 1976, ambapo maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Mwuzaji wa RTC wa siku hizo alikuwa mtumishi kamili. Alikuwa na mshahara wa mwezi na likizo yake. Taabu yake ilikuwa nyingine: kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 rafu zilikuwa tupu, na kazi yake kubwa ikawa kuwaambia watu kwamba sabuni na sukari hakuna.

Leo mambo yamegeuka juu chini. Bidhaa zimejaa tele. Kisicho na uhakika ni ujira wa anayeziuza. Tofauti hiyo, msomaji, ndiyo kiini cha mazungumzo yetu ya leo.

Mambo mawili yamelifikisha duka hili Ngara na Biharamulo. La kwanza ni fedha za simu. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, makampuni mengine yakafuata, na tangu hapo mtu wa Murusagamba anaweza kumlipa mtu wa Kariakoo bila kusafiri wala kuingia benki. La pili ni barabara. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam, inayopitia Nyakanazi na Lusahunga kwenda mpakani Rusumo, ina mabasi na malori usiku na mchana, ingawa safari yake ni ya zaidi ya kilomita 1,200. Hali kadhalika, mizigo itokayo Mwanza kupitia Geita, ambayo zamani ilisubiri kivuko cha Kigongo na Busisi, tangu Juni 2025 inapita juu ya daraja lenye urefu wa kilomita 3.

Isidhaniwe kwamba kila duka la namna hii ni kampuni kubwa. Makampuni makubwa yalijaribu. Jumia, iliyoanzishwa Nigeria mwaka 2012 na kuingia katika soko la hisa la New York mwezi Aprili 2019, ilikuwa na shughuli zake Tanzania, lakini mwezi Novemba mwaka huo huo wa 2019 ilizifunga. Sehemu kubwa ya kazi tunayoizungumzia inafanywa na wafanyabiashara wadogo: mtu mmoja mwenye stoo, vijana wawili watatu na simu kadhaa. Udogo huo una uzuri wake na ubaya wake, kama tutakavyoona.

WANAYOYAPENDA

Jambo la kwanza linalopendwa ni kwamba kazi hii haimwombi mtu mtaji. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, ambaye hana fedha za kukodi chumba cha duka wala za kulipa pango la miezi sita mbele, anaweza kuanza kwa simu yake. Huchukua picha kwa mwenye mali, huzisambaza kwa watu anaowafahamu, na kila kinachouzwa hupata kamisheni. Kwa wilaya ambazo wakazi wake wengi ni wakulima, ambako kuna msimu wa kupata na msimu mrefu wa kungoja, fedha inayoingia kidogo kidogo kila juma si jambo la kudharau.

La pili ni kwamba kazi inamkuta mtu alipo. Kwa miaka mingi kijana wa Ngara aliyetaka kujua biashara alipaswa kupanda basi kwenda Mwanza au Dar es Salaam, akaishi kwa ndugu, akalala ukumbini. Sasa anaweza kujifunza bei, kuhesabu faida, kuandika hesabu na kuzungumza na wateja wa mikoa mbalimbali huku akiwa chini ya paa la wazazi wake. Kwa akina mama wenye watoto wachanga faida hii ni kubwa zaidi, maana mama aweza kujibu oda huku mtoto akiwa mgongoni.

La tatu ni uhuru wa mwendo. Kijana wa bodaboda anayepeleka mizigo hana msimamizi anayemsimamia kichwani. Anaijua njia, anawajua watu, na akifika kijijini na mzigo hupokewa kwa furaha, kwa kuwa amebeba kitu kilichongojewa. Wengi hulithamini jambo hili kuliko fedha: kuaminiwa. Mtu kukabidhiwa simu ya mwenzake yenye thamani ya mshahara wa miezi miwili na kuifikisha salama ni heshima inayomjenga kijana.

La nne ni elimu ya vitendo. Anayeuza kwa picha hulazimika kujua kueleza kitu kwa maneno machache yaliyo ya kweli, kutunza daftari, na kutofautisha mteja mwenye nia na anayepita njia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anayelishika somo hilo akiwa na miaka ishirini hatalijutia akiwa na arobaini.

WANAYOYACHUKIA

Hata hivyo, kila chenye uzuri hakikosi ila. Karaha ya kwanza ni saa za kazi. Duka la kaunta hufungwa. Mwenye funguo akigeuza kufuli, mwuzaji huenda nyumbani. Duka la simu halina kufuli. Mteja huuliza bei saa nne za usiku, na asipojibiwa mara moja huhamia kwa mwingine, na mwenye mali humlaumu aliyelala. Hivyo simu hukaa chini ya mto, na mwenye kuitumia hulala jicho moja. Mke hulalamika, mume hunung'unika, na watoto hujifunza kwamba mama au baba yuko nyumbani lakini hayupo.

Karaha ya pili ni ujira usiotabirika. Kamisheni ni tamu mwezi wa Desemba, ambapo kila mtu anataka nguo mpya, na ni chungu mwezi wa Februari, ambapo fedha zimekwishia katika ada na madaftari. Tena mara nyingi bando na umeme wa kuchajia simu hutoka mfukoni mwa mfanyakazi mwenyewe. Akikaa chini na kalamu akatoa gharama hizo, hugundua kwamba alichokiita mapato ni nusu tu ya alivyodhani.

Ya tatu ni lawama za makosa ya wengine. Mteja aliyeagiza viatu namba 42 akaletewa 40 hamwoni aliyefunga mzigo Dar es Salaam. Anayemwona ni kijana aliye mbele yake na pikipiki. Humfokea huyo. Mara nyingine mteja aliyeahidi kulipa akipokea hukataa mzigo, au huzima simu kabisa, na kijana hurudi na boksi na tangi la mafuta lililopungua. Nani amlipe safari ile? Mwenye mali husema mauzo hayakufanyika. Mteja husema hakupendezwa. Gharama humwangukia aliye dhaifu kuliko wote.

Ya nne, nayo ndiyo nzito kuliko zote, ni kulipishwa kilichopotea. Mzigo hubadilishana mikono mingi: wa mfungaji, wa karani wa basi, wa dereva, wa mpokeaji stendi, wa mwendesha pikipiki. Ukipotea au ukilowa mvua, aghalabu wa mwisho kuushika, au wa kwanza kuuandika, ndiye anayekatwa. Kijana anaweza kufanya kazi miezi mitatu akilipa deni la simu ambayo hakuiiba wala hakuivunja. Na kwa sababu hana karatasi yoyote ya mkataba, hudhani hana pa kusemea.

Mwisho, usisahau hatari ya njiani. Njia za udongo kwenda vijijini huteleza wakati wa masika, na barabara kuu ina malori mazito yaendayo Rwanda na Burundi. Anayelipwa kwa idadi ya mizigo hushawishika kukimbia. Akianguka, matibabu ni ya familia yake.

NG'AMBO NAKO JE?

Pengine utasema, msomaji, kwamba haya ni matatizo ya uchanga wa biashara zetu. La hasha. Mfano mkubwa kuliko yote duniani ni kampuni ya Amazon ya Marekani, iliyoanzishwa na Jeff Bezos mwaka 1994, ikaanza kuuza vitabu mwaka 1995, na leo inauza karibu kila kitu. Wafanyakazi wa maghala yake wameusifu ujira, ambao tangu Novemba 2018 nchini Marekani haupungui dola 15 kwa saa, na wepesi wa kuajiriwa bila vyeti vikubwa. Wakati huo huo wamelalamikia mwendo wa kazi: mashine huhesabu vitu anavyovishika mtu kwa saa, na mwili huumia kwa kuinama na kuinuka pasipo nafasi ya kupumua.

Malalamiko hayo hayakuishia katika manung'uniko. Jimbo la California liliweka sheria, inayotumika tangu Januari 1, 2022, inayomtaka mwenye ghala kubwa amweleze mfanyakazi kwa maandishi kiwango cha kazi anachotakiwa kukifikia. Mwezi Aprili 2022 wafanyakazi wa ghala moja la Staten Island, New York, walipiga kura ya kuanzisha chama chao, na walioafiki walikuwa 2,654 dhidi ya 2,131 waliokataa.

Ghala la Staten Island na stendi ya Biharamulo havifanani hata kidogo. Lakini kinachopendwa ni kile kile, yaani mlango mwepesi wa kuingilia kazini, na kinachochukiwa ni kile kile, yaani mtu kugeuzwa sehemu ya chombo na kubebeshwa hasara. Na dawa iliyotafutwa kule ndiyo inayofaa hapa: maandishi na umoja.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria zetu hazikukaa kimya, ila wengi hawazijui. Zipo mbili zinazohusika zaidi, zote za mwaka 2004: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na Sheria ya Taasisi za Kazi.

Swali la kwanza ni kama kijana wetu ni mwajiriwa au la, maana wenye mali wengi hupenda kusema, huyu namsaidia tu, si mfanyakazi wangu. Sheria ya Taasisi za Kazi inatoa vigezo. Iwapo kazi au saa zake zinaongozwa na mtu mwingine. Iwapo amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Iwapo riziki yake inamtegemea mtu huyo, au anapewa naye vyombo vya kazi, basi kimojawapo kikithibitika huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitike vinginevyo. Jina analoitwa na mwenye mali halibadilishi ukweli huo.

Akiwa mwajiriwa, anastahili kupewa maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa juma, tena si zaidi ya siku sita. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kila juma ana haki ya mapumziko ya saa 24 mfululizo. Ana likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mama aliyejifungua ana siku 84. Tena kiko kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta, kinachotangazwa na Serikali na kurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa. Ofisi ya kazi ndiyo mahali pa kuuliza kinachotumika sasa.

Na hasara je? Hapa sikiliza vizuri, msomaji, maana ndipo penye kilio. Mwajiri hawezi kukata tu anavyopenda. Ni lazima hasara iwe imetokea wakati wa kazi, na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Ni lazima mwajiri aeleze kwa maandishi sababu ya hasara, kiasi chake na jinsi kilivyohesabiwa, na ampe mfanyakazi nafasi ya kujitetea. Jumla isizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira. Tuseme mshahara ni shilingi 240,000, na simu iliyopotea kwa uzembe uliothibitishwa ilikuwa ya shilingi 300,000. Robo ya mshahara ni 60,000. Basi deni hilo hulipwa kwa miezi mitano, na kila mwezi mfanyakazi hubaki na shilingi 180,000 kabla ya makato mengine ya kisheria. Kumnyima mtu mshahara mzima kwa mzigo mmoja hakuna sheria inayokuruhusu.

Palipo na mgogoro, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri lake, na migogoro mingine ina siku 60. Siku hizo hupita upesi kwa anayesubiri huruma. Wafanyakazi wa biashara wana chama chao pia, TUICO, na waendesha bodaboda wengi wana umoja wao wa kijiwe. Ama kwa yule asiye na mwajiri kweli, anayeuza kwa jasho lake, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, hupokea michango ya watu waliojiajiri.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

Mzazi asimkataze mwanawe kazi hii kwa kuwa haina ofisi. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini asimwache aingie kichwa kichwa. Kabla ya siku ya kwanza na yaulizwe mambo manne, na majibu yake yaandikwe hata katika karatasi ya daftari, pande zote mbili zitie saini: ujira ni kiasi gani na utalipwa lini, nani analipa bando na mafuta, mzigo ukikataliwa au ukipotea nani anabeba hasara, na simu inazimwa saa ngapi. Mwenye mali mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo. Anayechukizwa amekwisha kujibu.

Kijana naye na awe na daftari lake mwenyewe. Kila mzigo anaoupokea aandike tarehe, saa, hali ya boksi na aliyemkabidhi, naye aliyekabidhi atie saini. Boksi lililochanika asilipokee kimya kimya. Na alipige picha mbele ya aliyelileta. Dakika mbili hizo zitamwokoa mwezi mzima wa kukatwa.

Watu wa Ngara wana kumbukumbu nyingine inayofaa hapa. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo kwa muda wa siku moja, na kambi ya Benaco ikawa mji. Mashirika ya misaada yakaajiri madereva, watunza stoo na walinzi. Mwezi Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao, na kazi nyingi zikaondoka pamoja na mahema. Aliyekuwa ameweka akiba au kujifunza ufundi alibaki na kitu. Kazi ya mtandao nayo yaweza kuondoka hivyo hivyo, kama ilivyofunga Jumia mwaka 2019. Basi kijana aiingie akijua kwamba anachokipata leo ni fedha pamoja na ujuzi, na kwamba ujuzi ndio utakaodumu.

Na wewe mnunuzi, huna udhuru. Uliogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na una haki ya kuogopa. Lakini ukiagiza, pokea simu yako. Ukiahidi saa nane, uwe pale saa nane. Kosa likitokea, mdai aliyekuuzia, usimtukane aliyekuletea. Na usiku ukiingia, waache watu walale. Bei ya kitenge itakuwa ile ile asubuhi. Kama biashara haigombi, isigombe kwa pande zote mbili, na duka lisilo na mlango liwe na utu kama lile lenye mlango.